Uvimbe wa Mageni na Mlango wa Mama Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, tukae pamoja dakika chache tumkumbuke Mageni Maduhu, muuza mchele wa Kahama. Ametutoka akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Ulianza uvimbe shingoni. Kipimo kikasema saratani. Lakini haikuanzia shingoni, ilitoka kwingine mwilini. Wapi? Madaktari wakapiga picha mapafu, tumbo, matiti. Hawakuona kitu. Narudia: saratani ilionekana, ilikoanzia hakukuonekana.

Kijijini kwao Runzewe watu wakajipa jibu. Ugonjwa usio na chanzo umetumwa. Wakamgeukia mama mkwe wake, Bibi Sikujua, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, wao wakayaita ya kichawi. Asubuhi moja mlango wake ulikutwa na alama ya mkaa, onyo la kifo. Kesho yake, alama mbili. Mbwa wake hakubweka hata mara moja.

Mageni akajiunga na utafiti wa madaktari wanaochunguza saratani za namna hiyo. Dawa zikampa miezi kumi na minne. Alipozidiwa, alimwambia Daktari Donatus, "Nikifa nipasueni, muitafute saratani ya kwanza. Mkiipata, mama mkwe wangu atasalimika."

"Na tusipoipata?"

Mageni akamgeukia binti yake, Dorah. Akamwomba simu, akajirekodi.

Alipofariki walimpasua. Walitafuta kutwa nzima. Hawakuipata.

Mazishini Runzewe, wanaume walisimama kando na mapanga. Mumewe, Stanslaus, anasema: "Hakuna aliyelia. Wote walikuwa wanamtazama mama yangu."

Dorah akawasha simu. Sauti ya Mageni ikatoka, kaburi likiwa bado wazi: "Shikamoo mama."

Bibi Sikujua akaitika, "Marahaba, mwanangu."

"Wameikosa, eti? Basi ni ndogo kuliko macho yao. Ilikuwa ndani yangu mimi. Mama hakuniroga. Mkimuua, mtakuwa mmeniua mara ya pili."

Kisha Mihayo, kaka wa marehemu, aliyekuwa mbele ya wale wanaume, akaweka panga chini. Akamshika bibi mkono, wakatupia udongo pamoja.

Bibi Sikujua yuko hai. Anaishi Kahama kwa Dorah. Kulala Runzewe bado hathubutu.

Stanslaus, Dorah, na wewe bibi yetu, poleni sana. Mungu ampumzishe Mageni. Nasi tuliobaki tujiulize: daktari akisema kwa uaminifu, "Sijui," sisi huwa tunakwenda kumtafuta nani?