Kapu la Marehemu Fu Kuei-lang

Mto wa Meinong, hapa kusini mwa Taiwan, umejaa na kupungua mara sabini na mbili tangu tarehe 4 Machi 1947, siku aliyozaliwa Fu Kuei-lang, mtoto wa tatu wa wakulima wa tumbaku.

Alisoma miaka miwili tu, kisha akahitajika shambani. Pengine ndiyo maana aliyaheshimu maandishi kuliko sisi tuliohitimu.

Mwaka 1971 alimwoa Tseng Jui-niang. Mwaka 1978 alikabidhiwa kapu la mianzi na koleo, akawa mwokotaji wa karatasi zilizoandikwa, maana kwetu maandishi hayaachwi yakanyagwe. Alizichoma katika mnara wa matofali, na kila siku ya tisa ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya mwandamo jivu lilisindikizwa mtoni. Hakusoma alichookota. "Ya watu si yangu," alisema. Mkewe alimtania: "Karatasi za kijiji kizima hazimpiti, siku niliyozaliwa mimi humpita."

Aprili 2018 binti yao, Yun-chiao, alipokea barua ya hospitali, akaichomeka kati ya magazeti ya zamani, akawahi basi, akaisahau. Upepo uliyaangusha magazeti. Marehemu aliyaokota yote, akayachoma kwa heshima. Barua ile ilimwita yeye mwenyewe arudi upesi kupimwa koo. Miezi minane baadaye, sauti yake ilipokuwa imekauka, daktari aliuliza, "Kwani barua yetu hamkuipata?"

Yun-chiao alikimbilia mnarani, akachakura jivu kwa mikono mitupu. "Baba, mimi ndiye niliyekuua."

Baba alimfuata, akamjibu kwa mnong'ono: "Acha kuchakura, mwanangu, utamwaga jivu la watu. Na mwandiko wa daktari ule, hata moto ulihangaika nao."

Binti hakucheka, wala hajacheka hadi leo.

Majuma yake ya mwisho marehemu hakuulizia dawa. Aliuliza nani atalibeba kapu. Wanaume wanne waliombwa, wote wakakataa. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2019, bado akiwa hajajibiwa.

Ameacha mjane, mwana Hsiang-ho, binti Yun-chiao na wajukuu watatu.

Karatasi hii nayo imeandikwa, na jina lake limo. Tukishamzika, msiitupe chini. Yun-chiao atasimama langoni, kapu la baba yake mkononi; itieni humo. Siku ya tisa ya mwezi wa kwanza atalipeleka jivu lake mtoni.

Mbingu na wazee waliotangulia wampokee Kuei-lang, wamfariji mjane wake, wamwondolee binti yake mzigo asioweza kuutua peke yake, na wailinde nyumba ya Fu. Apumzike kwa amani.