Kijiti Kimoja cha Mwaridi

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi viatu. Mimi ndiye muuza kahawa wa hapo. Wananiita Birika, na kazi yangu ni kumimina, kuamua waamue wenyewe. Kinyozi tunamwita Wembe. Alisoma kijitabu kimoja cha usafi wa saluni, na tangu siku hiyo hakuna asilolijua. Breki ni dereva mstaafu, akibishana mguu wake wa kulia hukanyaga chini kama yuko mteremkoni. Fundi viatu ni Soli, na asubuhi hiyo Soli hakuwa na raha hata kidogo. Mama yake, ambaye macho yalishamzimikia, alikuwa njiani kuhamia kwake. Nyumba aliyopanga miaka yote iliuzwa, na mwenye nyumba mpya akaung'oa mwaridi wa mlangoni ili apate pa kuegesha gari. Soli aliwahi kuokoa fungu la vijiti vyake vya kupanda. Vikaoza kimoja kimoja, vingine kuku wa jirani wakavifukua, kikabaki kimoja tu. Hicho ndicho tulichokuwa nacho kwenye kopo la mchanga, mwisho wa benchi, kivulini.

Na kijiwe kina adabu yake. Mtu akifika husalimia, hukichomoa kijiti, hukitazama kitako kama kimeota mizizi, hukirudisha mchangani, ndipo hukaa. Ukikaa bila kuchomoa, watu watakuuliza kama umeamka vibaya.

Breki ndiye aliyetangulia. Akachomoa, akatazama. Miwani hakuvaa, kwa kuwa miwani, kwa maneno yake, ni ya wazee.

Breki: Bado.

Soli: Bado kabisa?

Breki: Kikavu kama kisigino. Lakini usijali. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, ndiyo maana tunakikagua kila siku.

Akakichomeka. Soli akaweka nyundo chini, akaja akakichomoa mwenyewe, akakipuliza mchanga, akakirudisha. Wembe akatoka kibandani anapangusa mikono.

Wembe: Hebu nipishe. Kitu kama hiki kinataka jicho la mtaalamu.

Akakichomoa, akakiinua kwenye mwanga kama anakagua ncha ya mkasi.

Wembe: Jamani! Kuna vitu vyeupe huku chini.

Soli: Vyeupe vya namna gani?

Wembe: Vidogo vidogo. Kama mvi zinazoanza.

Breki: Nilijua. Betri ya gari ikichoka hutoa unga mweupe kichwani. Hicho kimeisha chaji.

Soli: Wembe, isije ikawa ndiyo mizizi?

Wembe: Mizizi? Wewe mzizi umewahi kuuona? Mzizi unapasua ukuta! Unainua lami! Hivi hata ukivipulizia vinatikisika.

Breki: Mzizi ni wa kahawia, Soli. Hata mtoto mchanga anajua.

Soli: Nauliza tu.

Wembe: Huu ni ukungu. Na ukungu, kijitabu kinasema, haupigi hodi. Leo uko kwenye kijiti, kesho uko kwenye kidevu cha mteja wangu.

Breki: Ungepakwa chokaa. Dawa ya moto ni moto, na dawa ya cheupe ni cheupe.

Wembe: Chokaa ni ya kuta. Hapa ni spiriti.

Soli: Taratibu, Wembe. Ndicho kilichobaki.

Wembe: Ndiyo maana tunakitibu. Kingekuwa na wenzake ningekiacha kife.

Akaleta ile burashi yake ya kufagilia nywele shingoni, pamba, na chupa ya spiriti. Akakifanyia kijiti kile usafi ambao mimi sijawahi kumwona akimfanyia mteja yeyote. Akasugua, akapangusa, akanusa, akasugua tena. Soli alisimama pembeni ameshika kiatu cha mtu, hajui akiweke wapi. Mwisho Wembe akakiinua kitako juu, kimetakata, hakina hata kipele.

Wembe: Haya. Samaki mkunje angali mbichi.

Kikarudi mchangani. Nikamimina vikombe, maana kazi ilishafanyika, na kazi ya mtu mmoja hapa hunywewa kahawa na wote.

Breki: Mimi nina wasiwasi na kitu kingine. Kijiti hiki kina kiburi.

Soli: Kiburi cha nini tena?

Breki: Kimezoea mlango wa mwanamke, kinafagiliwa, kinamwagiwa maji. Leo kimeletwa kwenye gundi na soksi za watu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hiki hakichezi kwao.

Wembe: Si kiburi. Ni woga. Mimi nimekichunguza: kila nikiwasha mashine ya kunyolea, kinajikaza. Kilishakatwa mara moja, kinadhani nakifuata chenyewe.

Breki: Kinasikia?

Wembe: Kinasikia kuliko wewe.

Breki: Basi kingesikia na redio. Tukiwekee habari za mvua, kidhani imenyesha.

Wembe: Kikidanganywa kikigundua je? Si kitasusa moja kwa moja?

Wakabishana hapo kama kijiti kinaweza kugundua uongo wa redio. Breki alikanyaga chini mpaka tofali likasogea. Soli hakucheka. Alikuwa anakitazama kijiti tu.

Soli: Nyie mnafanya mchezo. Mimi nimeshamwambia mama kimeshika.

Wembe: Umemwambia?

Soli: Aligoma kuhama. Dada zangu walimbembeleza, akagoma. Akasema vyombo acheni, kitanda acheni, lakini bila mwaridi wake atajuaje amefika mlangoni? Ile harufu ndiyo ilikuwa inamwongoza. Nikamwambia, mama, mwaridi wako umeshika, umekutangulia huku. Ndipo akakubali kufunga mzigo.

Breki: Na anafika lini?

Soli: Leo. Mke wangu amekwenda kumpokea stendi.

Hapo hata Breki alitoa mguu kwenye breki.

Walitokea pale kona ya duka la vifaa, mke wa Soli na begi kichwani, mama mkwe wake amemshika bega. Bibi mwembamba, kanga mbili, hatua za kupima. Sote tukasimama.

Wembe: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, wanangu. Gundi hiyo nainusa, basi nimefika kwa fundi. Baba, uko wapi?

Soli: Niko hapa, mama. Pole na safari.

Mama: Nimeshapoa. Na mwaridi wangu uko wapi?

Soli akamshika mkono, akauongoza hadi kwenye kopo. Akamwambia mama samahani, bado ni mdogo, hauna hata jani. Mama akasema hakuja kutafuta majani. Huo mwaridi uliong'olewa naye alipewa ukiwa kijiti tu na mama mkwe wake, akakaa nacho gizani, amekifunikia chupa, mpaka kikakubali. Akaanzia juu, vidole vikashuka polepole vikikwepa miiba kama vinapajua nyumbani. Vikasimama mahali.

Mama: Jicho limevimba hapa. Kiko hai!

Soli: Kweli, mama?

Mama: Mimi nikudanganye? Kinataka kuchipua.

Soli akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, cheko la mtu aliyetua gunia. Breki akampiga Wembe mgongoni. Wembe akakunja mikono kifuani, akaanza kueleza habari za spiriti na faida zake. Mimi nikainua birika nimmiminie mgeni. Lakini mkono wa mama ulikuwa bado kwenye kijiti, na kijiti kikayumba.

Mama: Mbona kinacheza?

Hakukivuta. Kilimfuata chenyewe tu, kikatoka mchangani kama kijiko kwenye uji. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba kitakoni. Akarudia. Kisha akakipeleka puani.

Mama: Kinanuka hospitali.

Wembe akaacha kueleza.

Mama: Hapa kuna vidonda vidogo vidogo, vimezunguka pande zote. Baba, huku chini hapakuwa na nyuzi? Nyeupe, laini, kama mvi zinazoanza?

Wembe aliingia kibandani akawasha mashine, na kitini hakukuwa na mteja. Breki alitafuta miwani mfukoni, akaivaa, akatazama viatu vyake.

Mama: Kikitaka kushika huanza na nyuzi hizo. Ndiyo mizizi yenyewe, ikiwa michanga. Mliziona?

Soli: Mama...

Mkewe akashusha begi kichwani, akalishika mikononi. Mama akainamisha kichwa upande wa mwanawe, halafu akaingiza kijiti mchangani mwenyewe, akaubana mchanga kwa vidole viwili, pole pole, kila upande. Kisha akakaa mwisho wa benchi, kopo amelizungushia mkono.

Mama: Basi kama hamkuziona, labda zilikuwa hazijatoka bado. Zitakuja tu. Baba, hebu niambie, mlango wako uko upande gani kutoka hapa?

Soli akafungua mdomo. Mlango wake hauko mbali, unapita kwa muuza mkaa unakata kushoto, njia ambayo hata mlevi huipata. Lakini mwanaume yule alisimama mbele ya mama yake asijue aanzie wapi kumwelekeza, na sisi wote tunaojua kila kitu hatukuwa na la kumsaidia. Nikainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Likatoa tone moja na machicha.