Fomu Kumi na Nane na Uvimbe Mmoja

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa kampuni yetu ya bima, karibu sana.

Jirani yetu fundi viatu anaapa kwamba juzijuzi karani wako alisimama kibarazani kwake akauliza, "Eti wale pacha kumi na wanane wanashonea wapi?" Fundi viatu huongeza chumvi, lakini hilo hatulibishi. Kwenye fomu zenu, sote tumezaliwa siku moja.

TULIKOTOKA
Tulianza wanawake watatu, cherehani moja ya kuazima na paa linalovuja. Leo tuko kumi na wanane, tunashona sare za shule, na hatujarudishiwa hata suruali moja. Siri ni hii: msimamizi wetu hukata kipande cha kwanza, nasi tunakifuata bila kupunguza wala kuongeza.

TUNAYOJIVUNIA
Tangu tujiunge na bima, mtoto wa mwenzetu amevunjika mkono akatibiwa, na mama yake hakuuza hata sufuria. Tulipiga vigelegele hadi mteja akadhani kuna harusi. Asanteni.

KILICHOTUKWAMISHA
Fomu zenu tulizijaza kama tunavyoshona. Msimamizi alijaza yake, tukaifuata, hata tarehe ya kuzaliwa. Yeye aliwahi kutolewa uvimbe shingoni, akaandika hivyo. Nasi sote tukaandika hivyo. Hakuna aliyekusudia kudanganya.

Sasa mwenzetu Dada Kola, tuliyempa jina hilo kwa sababu kola zake hazina mpinzani, amekutwa na uvimbe kwenye titi. Kampuni imekataa kulipia upasuaji. Kwa fomu ile, inasema alijiunga akiwa nao. Fedha inayotakiwa hatuna. Tulipotaka kuuza cherehani zote, alitucheka: "Jamani, nikipona nitashonea meno?"

OMBI
Daktari amempangia upasuaji Alhamisi, na leo ni Jumanne. Ameandika kwamba uvimbe ni mpya. Cheti chake tumekibana na risala hii. Kinachosubiriwa ni barua yako tu ya kukubali kulipia. Chai ipo na sare za kukagua zipo, zitangoja.

Mungu akupe afya njema, wewe na wote unaorudi kwao jioni.

Ni sisi, Kikundi cha Ushonaji Pindo Imara.

Mgeni rasmi, mimi ninayesoma ni mdogo wake Dada Kola, tumbo moja. Nisamehe nikitoka nje ya karatasi: utaiandika leo?