Adventina Kokuhirwa na Dada Zake wa Benchi la Kliniki

Marehemu Adventina Kokuhirwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Muleba, mtoto wa tatu wa Mzee Rwegasira. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1998, kisha akajifunza ushonaji kwa masista, waliomsifu kwa mkono wake na kumwonya kuhusu ulimi wake. Ulimi haukurekebishika.

Tarehe 6 Oktoba 2007 alifunga ndoa na Bwana Cassian Byabato, akahamia Isingiro, wakati huo ikiwa bado ndani ya wilaya ya Karagwe. Alikuta migomba mizuri, kahawa nzuri, na wifi aliyeshika funguo zote za nyumba: Bi. Benadeta, ambaye tunaye hapa leo.

Dastan alizaliwa Agosti 2008. Ziwa moja la mama yake likavimba, homa ikapanda, mtoto akawa analia tu. Wifi akatangazia kijiji kizima: "Huyu mgeni hana maziwa. Arudi kwao Muleba, mtoto atuachie." Bwana Cassian, mtu wa amani, alikwenda kuangalia kahawa.

Siku ya kupima watoto, kwenye benchi la kliniki, mzazi mwenzake, Kokugonza, alimtazama akashindwa kuvumilia. "We Mama Dastan, mbona umembeba mtoto kama mkungu wa kupeleka mnadani? Mgeuze, tumbo lake liguse lako." Jovitha, aliyekaa pembeni, akamfundisha kukamua ziwa lililojaa, nesi akampa dawa. Dastan akanyonya mpaka akasinzia. Habari ya Muleba ikafa pale pale.

Kesho yake wanawake hao wawili walifika na watoto wao, wakajipanga sebuleni, wakanyonyesha bila haraka.

"Wifi," alisema Jovitha, "anayenyonyesha hushikwa na kiu. Humu chai haipikwi?"

Bi. Benadeta akapika. Waliendelea kuja hadi Dastan alipoanza kukimbia, na hakuna siku waliyokuja bila kiu.

Baadaye marehemu aliweka cherehani yake Rubwera, akashonea maharusi wengi wa Kyerwa. Wifi naye alipeleka kitambaa ashonewe nguo. Kila alipokiulizia, kilikuwa kinakaribia kuisha.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani. Kokugonza na Jovitha walipokezana kumuuguza hospitalini Bukoba. Wifi alituma salamu. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, akiwa amekamilisha kazi zake zote: magauni mawili ya zambarau ya rafiki zake, ambao ameagiza wakae kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, mahali pa dada wa marehemu. Aliyekwishaketi hapo anaombwa anyanyuke. Nguo ya wifi nayo imeisha, baada ya miaka kumi na moja. Ni eproni. Ina mfuko mkubwa mbele.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Dastan na Jovin, dada wawili, Kokugonza na Jovitha, na wifi mmoja. Waombolezaji wenye kiu wamwone mwenye eproni.

Mama Dastan apumzike kwa amani. Wifi atapumzika vyombo vikishaoshwa.