Kuku Waondoke Kabla Yangu

Chediel mwanangu, zima hiyo redio, na wewe Rahabu mjukuu wangu acha kunipepea, sisikii joto. Kaeni mahali ninapowaona wote wawili, maana nina maneno ya kuwaachia na pumzi zenyewe siyo za kuchezea. Mganga wa zahanati aliwaambia kule nje kwamba mnipe chochote ninachotamani kula, mkadhani sikusikia. Nimeuguza watu wengi, najua maana ya kauli hiyo.

Nyumba hii na shamba la alizeti la bondeni ni vyako, Chediel, pamoja na mbuzi. Usimuuzie mtu wa nje hata kipande, makaburi ya wazee yamo humo. Biashara ya kuku ni ya Rahabu: matenga yote, simu yangu na laini yake yenye namba za wateja, na Redempta wa Dar es Salaam, yule mama mwenye banda sokoni anayenunua kuku wetu tangu Rahabu hajazaliwa. Usinikunjie uso, Chediel. Nilikupeleka safari moja, ukalala kuanzia Manyoni mpaka Morogoro, kuku wakafa kwa kiu juu ya kichwa chako. Ng'ombe wanakusikiliza, kuku hawakusikilizi, na si aibu.

Sasa lisikieni jambo lenyewe. Yale matenga yaliyoko uani yanaondoka leo jioni na fuso la dereva Isaka, na Rahabu anaondoka nayo. Nimewasikia jikoni mkinong'onezana kwamba safari ivunjwe kwa sababu mimi nipo hivi. "Watu watasema nini," Chediel ulimwambia mwenzako, "bibi yuko kitandani anakata roho, mjukuu yuko barabarani na kuku?" Watasema. Waache waseme mpaka koo ziwakauke, halafu uwaambie aliyemtuma ni mimi.

Wewe Rahabu hukuwapo babu yako Paskali alipofariki. Matenga yalikuwa yamejaa kama leo, nimezunguka vijijini kwa baiskeli kukusanya kuku mmoja mmoja, mpaka miguu ikavimba. Mnajua desturi ya hapa kwetu Shelui: kilio kikishaingia nyumbani, kuku walio uani ni chakula cha wanaokuja kulia, na mfiwa hafungui mdomo, akifungua ataitwa mchoyo mbele ya jeneza. Shemeji yangu Abraham ndiye aliyeshika kisu. Nilimfuata nje nikamwambia wale ni mtaji, siyo mifugo ya kula, naye akanijibu, damu imemfika kwenye viwiko, "Shemeji, watu hawawezi kulia na njaa." Basi wakalia wameshiba. Walipotawanyika nilibaki na manyoya na matenga matupu, Redempta akanunua kwa wengine, na wewe Chediel ukaacha shule mwaka ule ule. Watu walidhani uliacha kwa sababu baba yako amekufa. Siyo. Uliacha kwa sababu kuku walilika.

Abraham huyo huyo amekuja leo kunijulia hali, na kabla hajaingia chumbani alisimama uani akiyatazama matenga. Simchukii. Ndivyo alivyolelewa, na siku yake ikifika na sisi tutakula kuku wake. Lakini hawa waondoke kabla yangu.

Rahabu, umesafiri nami, ila ulikuwa unatazama dirishani, kwa hiyo sikiliza upya. Kuku wanywe maji ya kutosha kabla ya kupakiwa, nafaka uwape kidogo tu, maana kuku aliyeshiba sana hubanwa pumzi njiani. Majogoo wawe na tenga lao. Utingo atakuambia wabanebane ili nafasi itoshe. Mkatalie, yeye analipwa kwa tenga, wewe unalipwa kwa kuku aliye hai. Kibali cha mifugo kifunge kwenye kanga ya kiunoni, usikitie kwenye begi, kwa sababu askari akisimamisha gari atakitaka papo hapo na begi litakuwa limelaliwa na mizigo ya watu. Gari likisimama popote, kabla hujawaza chai, panda juu uwaangalie. Aliyekufa mtoe, wanyunyizie maji waliobaki. Ndipo uende chooni, hata kama hujabanwa, maana Isaka hatasimamisha tena kwa ajili yako. Nyama za njiani achana nazo, beba viazi vya kuchemsha na karanga. Usimwambie abiria mwenzako mzigo wako ni kiasi gani, hata kama anataja jina la Yesu kila anapovuta pumzi.

Ukifika Dar, madalali watalidandia fuso kabla halijatulia. Waamkie vizuri, usiwauzie. Nawa uso, badili kanga, ndipo uende kwa Redempta, kwa sababu akikuona umechoka atajua unataka kumaliza haraka, na hapo bei inaanza kushuka. Mpende, lakini akitaja bei ya kwanza nyamaza kwanza. Usifikie kwa ndugu. Ndugu atataka kuku, kisha atataka umfulie, na sokoni utafika watu wamekwisha kununua. Lala gesti, jaribu kitasa cha mlango kabla hujatoa hela.

Nipe maji. Kidogo, yatosha.

Chediel, nikifa Rahabu yuko njiani, usimpigie simu. Mpigie akishauza. Nikizikwa hajarudi, basi nimezikwa, kaburi halihami, atalikuta. Nawe Rahabu usigeuze gari kwa ajili ya maiti ambayo haitakujibu shikamoo. Watakaokuja wapikieni ugali na maharage; lipo gunia stoo nililiweka kwa kazi hiyo. Atakayeuliza nyama mwambieni mwenye kilio alikataza.

Sogea, mtoto, nikushike kichwa. Mungu aliyenipandisha mlima wa Sekenke na kunishusha miaka yote ile akushike na wewe. Uondoke salama, urudi na afya. Usikose mteja. Usikose... usikose usingizi kwa ajili ya maneno ya watu. Nawe Chediel, akirudi mpokee kama ulivyokuwa unanipokea mimi, uji uwe tayari, maswali baadaye.

Hilo ni fuso? Haya, inuka. Usilie, machozi yatakuchelewesha. Kaza kamba, ukague kila fundo mwenyewe. Usirudi humu kuniaga, tumeshaagana.

Chediel, baki. Nani anapiga hodi? Abraham tena. Mwambie bado tunaongea, akae kwenye kiti, asubiri. Shika mkono wangu... ongea na mimi, chochote, ongea.

Wamepakia? Wote?

Limeingia lami?

Haya. Mfungulie shemeji mlango.