Matofali Mia Nane ya Mzee Kashinje

Benchi letu la kahawa hapa Picha ya Ndege linatazama kiwanja cha Mzee Kashinje, fundi saa aliyehamia kutoka Shinyanga. Kwa miaka kumi na moja tumeona matofali yake ya kujengea nyumba yakipanda na kushuka: akipata hela anafyatua, mtoto akidaiwa ada anauza. Jumamosi hiyo yalikuwa mia nane, na lori la mnunuzi lilikuwa njiani, maana Blessing, kitindamimba wake, amechaguliwa chuo cha uuguzi. Mzee alikaa na kikombe chake, akitazama barabara. Roho iliniuma, lakini kijiwe chetu hakijui kunyamaza.

— Redioni wamesema, alianza Wilfred, karani mstaafu tunayemwita Profesa, nchi ikiwa na watoto wengi kuliko wafanyakazi, akiba haikai. Mmoja anatafuta, sita wanakula.

— Sasa Profesa, dawa yake? aliuliza Dulla Betri, bodaboda asiyechoka kuongea.

— Kusubiri. Watoto wakikua, watafutaji wanakuwa wengi, benki zinajaa.

— Tusubiri mpaka lini? Mi naona tuzae kwa zamu. Mwaka huu Mlandizi, mwakani Kisarawe. Sisi wa hapa tupumzike, tuweke akiba!

— Na mkeo akipata mimba nje ya zamu?

— Namhamishia Kisarawe fasta!

Tulicheka, hata Mzee Kashinje.

— Halafu nyie wastaafu mrudi mzigoni, Profesa. Ukifika sabini unapewa bodaboda.

— Na kiuno hiki?

— Wangu ni saba, Mzee Kashinje alisema taratibu. Sita wamemaliza shule. Kila mmoja kaondoka na ukuta.

Hapo Blessing akatokea, kandambili mguuni, anahema.

— Shikamooni.

— Marahaba, nesi wetu! tuliitikia.

— Baba, mama kaniambia unauza matofali.

— Ndiyo, mama. Ya ada hiyo.

— Yote?

— Yote.

Binti alikitazama kiwanja, kisha akamgeukia baba yake.

— Sasa ukizeeka utalala wapi?

Profesa alikohoa. Dulla akawa anachezea ufunguo wa pikipiki. Mimi machozi yalinilenga, sioni aibu kusema. Mzee Kashinje akasogea, akampa binti yake nafasi kwenye benchi. Blessing alikaa, akamshika mkono. Lori likakata kona kuja kwetu.