Jina Kwenye Bapa la Kisu

Pale Tumbe, njia ya kwendea diko wanakoshukia wavuvi, palikuwa na ubao uliolazwa juu ya mawe mawili. Wenyewe waliuita Legiko, kwa sababu, kama kwenye lile Baraza la Kutunga Sheria la Unguja, na hapo watu walikaa wakasema sana. Sheria yake ilikuwa moja. Siku zile za siasa, ndugu wa tumbo moja walikuwa hawazikani kwa ajili ya vyama, basi atakayetaja chama Legiko huwanunulia wote kahawa. Ndiyo maana walibishana juu ya kila kitu kingine kilichoumbwa, na asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya kisu. Kisu kililetwa barazani na Nyange, aliyebandikwa jina la Nyange Nakuja kwa kuwa ndilo jawabu lake kila mkewe anapomwita. Shemeji yake Soud, baharia, alikileta kutoka Japani, zawadi kwa dada yake Bi Mwanapili, mke wa Nyange, na akaapa kuwa chuma hicho hakishiki kutu. Mwanapili alifurahi hata kile kisu chake cha zamani, kilicholiwa kikabaki wembamba wa ufito, akampa jirani. Nyumbani nguru mzima alikuwa juu ya sinia, na adhuhuri watu wa Wambaa wanakuja kumposa binti wa nyumba hiyo, Siti. Nyange alikuwa katoka mara moja tu, akioneshe kisu, arudi.

— Hakishiki kutu? aliuliza Zahran, aitwaye Sibishi kwa sababu kila ubishi wake huuanza na neno hilo. Mie sibishi. Lakini chumvi ya Tumbe hii imekula bawaba za msikiti, imekula baskeli za wachuuzi, imekula meno ya Mabruki. Kisu gani kisiliwe?

— Meno yangu yameliwa na halua, alisema Mabruki muuza kahawa, akigonga vikombe vyake.

— Chuma kisichoota kutu ni sawa na mzee asiyekohoa, aliendelea Zahran. Kuna jambo anaficha.

Hapo Ame Yokohama akasafisha koo. Ame aliwahi kufanya kazi melini wiki tatu, Tanga na kurudi, na tangu hapo hapana bandari ya dunia asiyoijua.

— Hamjui kitu nyie. Haya yalikuwa mapanga ya vita. Mjapani aliposhindwa, akaambiwa panga marufuku. Akalia weee, kisha akasema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Akayakatakata mapanga yote, akayafanya visu vya jikoni. Hichi unachokiona, babu yake kakata vichwa.

— Na kutu je?

— Kutu inamwogopa.

Nyange alifurahi. Kisu chenye nasaba! Alishajiona akiwasimulia wakwe, na wao wamekaa wanatikisa vichwa.

— Mie sibishi, alisema Zahran, lakini hayo si kweli. Hivi huzimwa moto katika maziwa ya ngamia.

— Japani kuna ngamia?

— Hakuna. Ndo maana vikawa ghali.

Wakacheka, Mabruki akamimina tena. Pembeni yao alikaa Kificho. Huyu aliacha chuo katikati ya Juzuu Amma, miaka arobaini iliyopita, na kwa elimu hiyo akawa ndiye mwanachuoni wa ubao ule, Maalim Nusu Juzuu. Alikichukua kisu, akakisogeza puani, na macho yakamtoka.

— Subhanallah! Kimeandikwa.

Kweli kiliandikwa. Kwenye bapa, karibu na mpini wa mti mweupe, zilichongwa herufi nne, moja chini ya nyingine.

— Kizungu? aliuliza Nyange.

— Kizungu wapi! Mzungu anaandika kwa kulala, haya yamesimama. Hii kaf. Hii lam, imembeba alif. Hii nukta zake zimeanguka.

— Zimeanguka wapi, Maalim?

— Njiani, yakhe. Japani mbali.

Akakigeuza juu chini, akasoma upya kwa midomo, kisha akakilaza kisu mapajani kwa adabu kubwa.

— Hapa pana "Ya Latifu".

Nyange akasogea, akainama juu ya kisu.

— Una hakika?

— Chuma kitoke nchi isiyo adhana, kivuke bahari zote hizo, kisishike kutu? Dalili ya mvua ni mawingu. Ni jina la Mola ndilo linalokihifadhi.

— Sasa kinafaa kukatia samaki?

— Astaghfirullah! Na magamba yake? Na matumbo yake?

— Kitunguu basi.

— Kina harufu.

— Muhogo?

— Una udongo.

— Kinakata nini, Maalim?

Kificho akahesabu kwa vidole.

— Tende. Na mkataji awe na udhu.

— Hata tende msikate, alidakia Ame. Kisu hichi kina jini wa Kiislamu, kila alfajiri anakilamba, ndo hakina kutu. Weye umtie shombo ya nguru mdomoni, kisha ulale nyumba ile?

— Mie sibishi, alisema Zahran. Kitundikwe msikitini. Kizuri chajiuza.

— Kwani kinauzwa?

— Nimetoa methali, sikutaja bei!

Wao walicheka, Nyange hakucheka. Jua lilikuwa linapanda. Nyumbani hapana kisu kingine, na wageni wako njiani. Alimpenda Siti kuliko roho yake. Hakutaka posa yake ianze kwa aibu ya samaki mbichi juu ya sinia, na wala hakutaka ianze kwa dhambi. Aliogopa yote mawili, tena aliogopa kweli, akabaki amekaa pale pale.

Mwisho wa ubao alikuwa amekaa mzee mgeni, kashuka kwenye gari la kutoka mjini Chake, katoa salamu, kaagiza kahawa na kusikiliza yote. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo ya moto. Akaomba kisu. Akakigonga kwa ukucha, akakitegea sikio, akayageuza makali juani.

— Wanangu, aliuliza, fundi aliyekifua kisu hichi anaitwa nani?

— Fundi wake Mjapani, alisema Ame.

— Mjapani ni taifa lake. Mie nnauliza jina.

Watu waliojua habari za mapanga, za ngamia na za jini anayelamba, wakaanza kuulizana wao kwa wao.

— Mie mhunzi, alisema mzee. Nnafua majembe. Kila jembe langu nnalipiga chapa shingoni, likivunjika wajue wa kumtukana. Na huyu kakaa mbele ya moto, kakipiga nyundo, kakinoa kwa mkono wake, mwisho akaandika jina. Chuma hichi cha kisasa, sijapata kukiona. Lakini desturi hii naijua. Hapa pameandikwa, kikiwa kibaya nitukaneni mie.

Kificho alikunywa kahawa yake hadi ikaisha.

— Yawezekana, alisema, fundi mwenyewe anaitwa Abdullatifu.

Nyange alitaka kumbusu mzee yule mkono. Alishanyoosha wake apokee kisu akimbie, mgeni akasema:

— Haya, na mie nielekezeni. Naitwa Pandu, natoka Wambaa. Wenzangu wako nyuma. Nyumba ya Bwana Nyange ni ipi?

Swali jepesi kuliko yote ya asubuhi ile. Kila mmoja pale angeweza kufika nyumba ile akiwa kafumba macho. Zahran akaangalia kandambili zake. Ame akakohoa. Mabruki akalipindua dele la kahawa, halikutoa hata tone.

— Nyange ni mie, baba, alisema Nyange, na sauti yake ilikuwa ndogo. Samaki wenu yuko juu ya sinia, mzima, hana hata chale. Kisu ndo hicho ulichoshika. Nilikuja mara moja.

Mzee Pandu alimtazama, akatazama kisu, akaangua kicheko hata kofia ikamkaa upande.

— Wambaa tuliambiwa Nyange ntu wa baraza, na hilo nimelishuhudia. Hatukuambiwa kwamba ni ntu wa kukubali aibu kuliko kulitia shombo jina la Mola wake. Wenzangu wakifika nitawaambia, tumefika nyumba njema.

Akaanza kukunja mikono ya kanzu.

— Twende. Nguru huyo nnamkata mwenyewe, nijue fundi yule kasema kweli au kajisifu.

— Hasha, baba! Mgeni hashiki kisu!

— Nyamaza, mwanangu. Tangu nikae hapa mikono inaniwasha.

Wakaondoka, mzee mbele na kisu mkononi, Nyange nyuma akimsihi, na njia yenyewe mzee haijui. Zahran akawasindikiza kwa macho mpaka walipokata kona.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema. Huyu hata kikombe hajakirudisha, kishapewa kisu.